Bomba la Shaba

Mume wangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Barafu. Alipoweka sebuleni tangi la kamba wa maji ya chumvi, maji yakawa yanapata joto mno. Nilimwambia anunue mashine ya kupozea. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi ninunue baridi?"

Aking'ang'ania jambo, mwachie. Aling'oa mtambo wa friji mbovu, akakunja bomba jipya la shaba, akalizamisha tangini. Shaba ameiamini maisha yake yote.

Juma halijaisha, asubuhi nilimkuta ameduwaa mbele ya tangi, mswaki mdomoni, povu likimdondoka kifuani. Kipimajoto kilisoma vilevile alivyotaka. Kamba wote walikuwa wamelala chali.

Alimpigia simu aliyemuuzia kamba, akamweleza kila kitu. Nilisikia jibu kutoka nilipokuwa nimesimama: "Shaba, kaka? Kwa kamba, hiyo ni sumu."

Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia. Akachovya kidole majini, akakiacha humo. "Mama watoto," alisema polepole, "hebu gusa. Baridi yenyewe si iko sawa?"

Nikagusa. Ilikuwa sawa kabisa.