Samli Kwenye Viatu vya Baleti

Mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu ni kuchanja ng'ombe wa watu na kubishana na wafugaji wanaotaka kuswaga mnyama mgonjwa mnadani. Nalisema mapema kwa sababu pale mjini Bariadi kila aliyetaka kunicheka alianzia hapo hapo: afisa mifugo mzima, mtoto wake anacheza baleti. Nilikuwa nawajibu. Mke wangu ni muuguzi, ana subira ya kazi yake, na aliniambia niwaache watachoka wenyewe. Sikuwaacha. Ukinichokoza sokoni nakujibu sokoni, ukinichokoza kanisani nakusubiri mlangoni.

Binti yetu aliiona baleti, ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole, akiwa na miaka saba, alipokwenda likizo kwa dada yangu Mwanza. Kuna mwalimu pale, mama mmoja Mtanzania aliyesomea mambo hayo nje akarudi, akakodi ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi na kubandika vioo ukuta mzima. Mtoto wa dada yangu alihudhuria wiki tatu akachoka. Wangu hakuchoka. Alirudi nyumbani, mtaani kwetu Somanda, akawa anasimama jikoni ameshika meza, visigino pamoja, vidole nje, anashuka na kupanda, anashuka na kupanda mpaka uji unaungua. Tukajua hili halipiti na mvua za masika.

Basi kwa miaka sita Jumamosi yangu haikuwa yangu. Tulipanda basi la alfajiri, tukapita Nyashimo watu ndio kwanza wanafungua vibanda, saa tatu mtoto yuko darasani na mimi nimekaa kwenye benchi la wazazi. Nyumbani nilitoa makochi sebuleni, nikamleta seremala apigilie mbao juu ya saruji, maana mwalimu alisema saruji inaua magoti. Bomba la chuma nikalifunga ukutani apate pa kushika. Mwenye nyumba alipoyaona matundu alitaka kunihamisha. Nikamwambia nitayaziba siku nikihama, na siku hiyo haijafika.

Sasa sikia maneno ya watu. Mwalimu mkuu wa shule yake aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akasema, "Afisa, sisi tuna ngoma zetu nzuri kabisa. Huyu unamfundisha kusimama kwa vidole ili iweje?" Nikamuuliza kama mpira wa miguu ulizaliwa Bariadi. Akasema ana kikao. Mzee mmoja wa kanisa akaja kusema nguo za mazoezi zinabana. Nikamuuliza yeye anaangalia nini kwa mtoto wa miaka kumi, na tangu siku ile tukisalimiana anaangalia pembeni. Ofisi moja nayo ilituma mtu: wana mgeni rasmi, wanaomba mtoto acheze dakika mbili tu mgeni akishuka kwenye gari. Wapi? Uwanjani, juu ya changarawe, jua la saa saba, na mgeni mwenyewe hajulikani atafika saa ngapi. Nilikataa. Wakatangaza kwamba nina maringo.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Mtoto anakwenda shule na kufaulu, anachota maji, anapika, shambani kwa babu yake anapalilia pamba kama wenzake, halafu kitu kimoja anachokipenda kinageuzwa kichekesho cha mji. Kijana wa jirani akipiga danadana wanamwita kipaji. Wangu walimwita Mama Vidole, na watu wazima ndio walioanza.

Kwa hiyo ndani ya nyumba niliweka sheria. Nje wacheke, ila ndani hakuna kulalamika. Nilimwambia binti yangu, siku utakayosema miguu inauma, hao wote watasema si tulisema. Aliitikia, na kweli hakuwahi kulalamika. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia kucheza kwake.

Mwaka aliotimiza kumi na tatu mwalimu alituletea habari. Kuna shule Nairobi ambako watoto wanalala bwenini, asubuhi wanacheza, mchana wanasoma masomo ya kawaida kama wanafunzi wengine. Mtahini wao angekuja Mwanza siku moja, Jumamosi, achague watoto wawili. Shule ingewagharamia. Ila hawachukui aliyevuka miaka kumi na tatu. Maana yake kwa binti yangu ilikuwa mwaka huu au basi, arudi kushika meza ya jikoni.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ya kusimama kwenye ncha za vidole, na hiyo haichezwi bila viatu vyake. Kwa macho ni viatu vya kitambaa kinachong'aa, vina utepe wa kufunga kifundoni. Lakini mbele, vidole vinapoingia, vimegandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi mpaka vimekuwa vigumu kama mti. Ugumu ule ndio unaombeba mchezaji. Havipatikani madukani kwetu. Mwalimu anamwagiza mtu anayesafiri, na unasubiri miezi mitatu. Ukiacha vile laini vya mazoezi, binti yangu alikuwa na jozi moja tu ya hivyo.

Jumapili kabla ya mtihani mama yangu akaja kutoka kijijini, upande wa Mwanhuzi. Nyumbani tunamwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, na mjukuu naye anamwita hivyo hivyo. Alileta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akaleta dumu la samli. Jioni akavuta kigoda akamtazama mjukuu wake akifanya mazoezi. Alipomaliza, Mayu akakichukua kiatu kimoja, akakibonyeza, akakigonga ukutani.

"Baba," aliniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "hii ni ngozi mbichi. Nani anamvalisha mtoto ngozi mbichi?"

Nikamwambia si ngozi, na ndivyo kinavyotakiwa kiwe.

"Hata ya kulalia hatumpi mtoto kabla haijalainishwa."

Nikacheka. Nikamwambia, Mayu, ya ng'ombe tuongee wote, haya niachie mimi. Akaanza kumenya karanga.

Kwetu ngozi ya kulalia ilikuwa haitandikwi ikiwa kavu. Inalowekwa, inapakwa samli, inakanyagwa na kufikichwa kwa mikono kutwa nzima mpaka inakunjika bila kutoa sauti. Mama yangu kijijini anajulikana kwa kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimelelewa juu ya ngozi alizolainisha yeye, na ningepaswa kumjua.

Alhamisi nilirudi saa kumi jioni kutoka kuchanja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Viatu vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba ya nguo, vinadondosha maji. Nilisikia harufu ya samli kabla sijafika karibu. Nikabonyeza ile ncha kwa kidole gumba, ikaingia ndani yote, gundi ikatoka kama uji mzito. Mayu alikuwa ameketi kivulini, mikono inang'aa mafuta, amechoka na amefurahi.

"Sasa vinavalika," alisema. "Hivi atavivaa mpaka aolewe."

Nilimfokea mama yangu. Nimeliandika hivyo hivyo kwa sababu sitaki kulipamba. Nilimfokea uani, wapangaji wenzetu wanasikia, wengine wamesimama na ndoo zao. Nilimwambia amemuua mtoto. Nilimwambia miaka sita ameifikicha kwa mikono yake ndani ya siku moja. Nilimwambia yeye ni wale wale, sawa na mwalimu mkuu, sawa na mzee wa kanisa, tofauti yake ni kwamba wao walikuwa nje na yeye nimemfungulia mlango.

Mayu alijifuta mikono kwenye kitenge. "Miguu ya mtoto umeiona?"

"Miguu ya mwanangu naijua."

"Huijui. Unavijua viatu."

Binti yangu alikuwa mlangoni mwa jiko. Akasema, "Baba." Nikamwambia aingie ndani, haya ni ya wakubwa. Akasema tena, "Baba, naomba," nikamnyooshea kidole, akaingia. Asubuhi Mayu alikunja kitenge chake cha pili, akaacha michembe yote, akapanda gari la Mwanhuzi. Mke wangu alimsindikiza stendi. Mimi sikumsindikiza. Mke wangu aliporudi alisema neno moja tu, "Hongera," akaenda zake kazini.

Ijumaa nzima nilihangaika. Fundi viatu wa pale stendi alivigeuza, akavinusa, akaniambia, "Mkubwa, hivi si viatu tena, hizi chapati." Nikamwambia asilete utani, apake gundi. Gundi haikushika juu ya samli. Nikavikausha kwenye jiko la mkaa, vikakauka vimepinda, kimoja kinatazama Mwanza, kingine Shinyanga. Nikampigia mwalimu. Akasema nimlete mtoto na vile laini vya mazoezi, tutaona.

Mtahini alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani, mpole. Binti yangu alicheza sehemu ya kwanza na ya pili na viatu laini, na nasema bila aibu kwamba hakukuwa na mtoto aliyemfikia. Hata wazazi wa wale wengine waliacha kuchezea simu zao. Ikaja sehemu ya mwisho. Watoto watano wakaketi sakafuni kufunga tepe za viatu vyao. Wangu akaenda kukaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akawatazama mpaka walipomaliza.

Nilisimama. Nikamweleza mtahini habari yote: basi la alfajiri, mbao, bomba, samli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anasikitika, lakini hawezi kutoa alama kwa kitu ambacho hakukiona. Nikamwambia huo ni uonevu, mtoto hawezi kubebeshwa kosa la bibi yake. Nikaanza kupaza sauti. Mwalimu akanishika mkono akanitoa mpaka ngazini. Ndani wakasomwa wawili waliochaguliwa, na wangu hakuwemo.

Mwalimu akarudi ndani akatoka na binti yangu. Akamketisha kwenye ngazi, akamvua soksi, hakuniomba ruhusa. "Tazama," aliniambia.

Kucha mbili hazikuwepo. Vidole vidogo vilikuwa vimelaliana, kimoja kimepanda juu ya kingine, na ngozi ya visigino imechubuka upya juu ya makovu. Nimetibu kwato za ng'ombe miaka kumi na nane. Mnyama angeniletea miguu ile ningemgombeza mwenye mnyama.

"Vile viatu vilishakuwa vidogo tangu Pasaka," mwalimu alisema. "Nilimuuliza kama vinambana, ukanijibu wewe."

Kweli nilijibu mimi. Nilikuwa kwenye benchi la wazazi, mtoto hajafungua mdomo, nikasema kwa sauti ukumbi mzima usikie: havimbani, mwalimu, mwanangu hana shida. Nakumbuka wazazi wenzangu waligeuka kunitazama na mimi nikakaa vizuri.

"Ningeagiza siku ile," mwalimu alisema, "vingekuwa vimefika."

Akatuacha pale. Chini dukani walikuwa wanapakia mabati kwenye guta, makelele matupu. Nilikuwa bado nina hasira, ila sasa sikuwa na mahali pa kuitua, nikairudisha kijijini. Nikasema, "Hata hivyo Mayu angeniuliza kabla ya kugusa vitu vya watu."

"Hakugusa," binti yangu alisema. Alikuwa anaangalia mabati. "Nilimpelekea mimi."

Sikumwelewa. Akarudia.

"Nilimwomba anilainishie kidogo tu, nifike Jumamosi. Yeye ndiye aliniuliza kama vinauma. Nikasema ndiyo."

Mama yangu alifokewa mbele ya majirani, akapanda gari na dumu tupu, na hakutamka kwamba mtoto ndiye aliyemwomba. Mke wangu naye, niligundua baadaye, alikuwa anamfunga vidole kwa plasta za hospitali, wawili hao wamefunga mlango wa chumba. Nyumba nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza.

Alifikiri. Hakuwa analia. Alinijibu polepole, kwa heshima, kama mtu anayechagua neno lisiloumiza.

"Ungekasirika, baba."

Nilifungua mdomo nimwambie si kweli. Kabla sijatoa sauti, aliivuta miguu yake akaificha chini ya sketi.