Jogoo wa Mama na Marekebisho Yangu

Wakuu, leo jogoo wetu amekufa bure na lawama ni zangu.

Asubuhi nimeamka na habari tamu. Ile programu ya hifadhidata ya bure, ambayo watu wa kujitolea wanaitengeneza kutoka kila pembe ya dunia, imekubali marekebisho yangu. Mistari mitatu tu ya msimbo, lakini ni yangu!

Kosa lilikuwa kumwambia mama.

Kufika saa sita, nyumba yetu hapa Nyakoe imejaa akina mama wa kanisa. Mama anawaambia, "Huyu ametengeneza kompyuta za dunia yote." Mimi ni nani nimpinge mbele ya wageni wake?

Yule jogoo aliyekuwa anangoja Krismasi tayari yuko kwa sufuria.

Mzee wa kanisa akafunga macho. "Baba, kazi ya kijana huyu idumu milele."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ndiyo, nilichungulia katikati ya maombi. Msinihukumu. Ulikuwa ujumbe wa wale wa programu:

"Samahani, tumeyaondoa marekebisho yako. Yametatua kosa moja na kuleta mengine mabaya zaidi."

Nikaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama akaninong'oneza, "Ni wale wazungu wanakupongeza?"

"Wamenitaja, mama."

Akatabasamu, akanipakulia firigisi mbele ya watu wote. Nikaila. Ningefanya nini?

Sasa niambieni nyinyi wataalamu. Programu imerudishwa vile ilikuwa jana, kama sijawahi kuigusa.

Jogoo anarudishwaje?