Fundi Aliyeitwa Hamna Neno

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaani wamembatiza Hamna Neno. Si jina la sifa, ingawa yeye aliliona hivyo kwa miaka ishirini. Ukimpelekea suruali leo ukaitaka leoleo, hamna neno. Ukiirudisha wiki ijayo kwa sababu umenenepa wewe, hamna neno pia. Wateja wengi hawakujua hata jina lake la kweli, na sidhani waliwahi kuuliza.

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikitazama dirisha. Sisi wageni tulikaa ukingoni mwa kochi, kwa sababu kochi lenyewe lilikuwa limekaliwa na nguo za watu. Kabla ya kupitisha mashine alipiga bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, nguo nzima, kwa uzi mweupe. Akimaliza kushona huigeuza nguo ndani nje na kuitazama kwenye mwanga kama askari anayemtafuta mwizi, na hakukosa kumpata. Mshono umepinda nusu ya unywele, anafumua. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dada yangu alikuwa kinyume chake: ukimsifu, hali wala halali.

Mimi ni mdogo wake, na nasema wazi kwamba nilimkasirikia kwa miaka mingi. Mumewe alipofariki alibaki na binti mmoja, na mtoto huyo alikua akivaa nguo za mwisho kushonwa. Sare yake ya shule ilikuwa ikimaliziwa asubuhi ya kufungua shule, mwenyewe amesimama mlangoni na shimizi. Nikimwambia dada, "Mmalizie huyu kwanza," ananijibu, "Huyu ni wangu, atanielewa. Wateja hawatanielewa." Maneno hayo niliyasikia mpaka nikayachukia.

Kisha binti akapata mchumba, na mama yake akasema gauni la harusi atalishona yeye. Akalishona kweli, likaisha siku kumi kabla. Binti alilivaa mbele ya kioo cha kabati, akazunguka, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, usiliguse tena. Nimelipenda hivihivi."

Dada akasema hamna neno. Lakini nilimwona anakodolea macho kiuno, upande wa mgongoni, penye kijikunjo ambacho mimi na wewe tungehitaji kuonyeshwa kwa kidole. Jumatano ya wiki ya harusi, binti akiwa mjini alikofanya kazi na kulala siku za wiki, akalifumua. Ili anyooshe kiuno ilibidi afumue na mikono, na baada ya mikono ikafuata shingo. Saa sita mchana gauni lilikuwa vipande tisa juu ya meza.

Angelirudisha, sikatai, mkono wake ni mwepesi. Lakini saa nane mwalimu wa kwaya alibisha hodi na mfuko wa majoho kumi na manne. Kola walizokubaliana na dada ziwe za rangi ya maziwa sasa alizitaka nyeupe kabisa, na kwaya itaimba Jumamosi, kwenye harusi hiyohiyo.

"Ni kazi ya Bwana, mpendwa," alisema.

Nikamwambia, "Mwalimu, huoni gauni la bibi harusi liko vipande vipande mezani?" Akacheka, akidhani namtania. Dada alikuwa ameshaupokea mfuko.

Ijumaa jioni binti alipotoka kazini alikuta majoho yote yametundikwa ukutani, yamepigwa pasi, na gauni lake lina mkono mmoja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikuambia usiliguse, sivyo?"

"Mwanangu, lilikuwa limekunjamana mgongoni. Watu wangeona."

"Watu gani, mama?"

Binti akanigeukia mimi. "Mama mdogo, nisindikize." Tukakimbilia duka la kukodisha nguo kabla hawajafunga, tukapata gauni lililombana makwapani. Ndilo aliloolewa nalo. Kwaya iliimba, kola ziking'aa, na mlangoni mwa kanisa watu walipanga foleni kumsifu dada yangu kwa kola hizo. Alizipokea sifa zote kichwa chini, kama mtoto anayechapwa.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amepiga magoti kando ya cherehani, analia kwa sauti. Dada alikuwa mtu wa sala siku zote, lakini sala zake zilikuwa za kuomba radhi tu: radhi kwa kuchelewa ibada, radhi kwa kusinzia akisoma Biblia. Siku hiyo aliomba vingine.

"Bwana, nimekufanya mteja. Miaka yote nakuletea kazi, nasubiri unirudishie nikairekebishe. Nimechoka. Wanasema ulinipenda kabla sijatengenea. Kama ni kweli, nipokee hivi nilivyo, maana mtoto wangu nimemfumua."

Nilisimama mlangoni nimeziba mdomo. Mimi si mtu wa machozi, lakini yalinitoka.

Wiki hiyohiyo mke wa mchungaji akaja na kitambaa cha mapazia ya kanisa, anayataka Jumapili.

"Sitaweza, mama," dada akasema.

"Hata kwa ajili ya Bwana?"

"Bwana hajaniomba mapazia, mama. Umeniomba wewe."

Mgeni alipotoka, dada alikaa chini. Nilidhani atamkimbilia njiani. Hakumkimbilia. Akaniambia, "Nimeambiwa napendwa bure, mdogo wangu. Wacha nijaribu kuamini."

Waliokuwa wakimwita mpendwa wakasema amevimba kichwa. Mwalimu wa kwaya akapata fundi mwingine, na kanisani baadhi yao wakaanza kumpita bila salamu. Nilimwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nguo zako zilikuwa nyingi." Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alianza kumpa mtu nguo yenye mshono wa kawaida, kisha akala chakula chake kikiwa moto. Kochi likaonekana rangi yake, nami nikalikalia.

Kwa binti, hata hivyo, mambo hayakunyooka. Dada alimpigia simu kila Jumapili, naye akajibu kwa adabu tele, ile adabu ya kumjibu mtu wa ofisini. Akiombwa msamaha alisema, "Yamepita, mama," na kugeuza mazungumzo. Dada alitaka jambo moja tu duniani: akae naye ana kwa ana, aseme alilotaka kusema, mwanawe amsikie. Binti alipojifungua, tukafunga safari.

Tulifika saa nne asubuhi, mtoto ana siku tisa. Nyumba nzima ilinukia sabuni. Binti alitufungulia amevaa nguo za kutokea, nywele zimebanwa sawasawa, macho yamezama.

"Karibuni, mama. Karibu, mama mdogo. Samahani, nyumba iko ovyo."

Nilitazama pande zote nikitafuta huo uovyo. Mapazia yalikuwa yametoka kufuliwa. Hata kitambaa cha kufunikia mtungi kilipigwa pasi. Mumewe alitunong'oneza kwamba mkewe hajaketi tangu alfajiri, kwamba juzi mama yake yeye mume alitaja vumbi dirishani, na tangu hapo hajapumzika. Chumbani mtoto alikuwa analia.

Dada alikwenda akamchukua, akaketi naye kwenye kiti, akambembeleza mpaka akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, sikuja kukagua. Keti hapa. Kuna jambo nataka kukuambia."

"Nakuja, mama. Nimalizie tu."

"Acha, mwanangu. Nakuomba."

"Dakika moja. Sitaki ukute pachafu."

Dada akaunyoosha mkono, akamshika kiganja. Binti aliutoa mkono wake polepole, kwa heshima, bila hasira yoyote. Ningependa angekasirika. Nilimsikia dada akisema kwa sauti ya chini, "Bwana, mpokee na huyu pia," na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mwenyewe alichokipanda.

Binti alikuwa ameshapiga magoti na kitambaa chenye maji.

"Mama, inua miguu kidogo," alisema, "nipafute hapo chini."

Dada akainua miguu.