Kasri la Futi Kumi Mtaani Arlington

Katika mtaa wetu wa Arlington, Texas, sheria ilikuwa moja na kila mwenye nyumba aliijua: chochote ujengacho uani kisizidi kimo cha uzio, yaani futi nane kutoka ardhini.

Mimi niliijua kuliko wote. Nilikuwa katibu wa chama cha wenye nyumba, na tepu ya kupimia ilikaa mfukoni mwa koti langu hata Jumapili.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini, asubuhi moja ya Aprili 2004, majirani saba walisimama barabarani na vikombe vyao vya kahawa, wakitazama mnara wa mawe, wenye meno kileleni, ukichungulia juu ya uzio wa katibu.

Niseme kweli yote. Umri wangu hauniruhusu kupamba.

Nilisoma shule ya misheni huko Uchagani. Ukutani mwa bweni palitundikwa kalenda ya Ujerumani, kila mwezi na kasri lake juu ya kilima. Mwaka ulipokwisha haikuondolewa. Tuliishi na Desemba ile ile hadi nilipomaliza darasa la nane.

Nikaapa kwamba siku moja nitajenga langu, hata likiwa dogo.

Nilipostaafu nikamweleza mke wangu, Dorothea.

"Baba Avelina," akaniuliza, "adui yetu ni nani hasa? Sungura?"

Nikamtafuta fundi. Godefroid, Mkongo wa Bukavu, alifanya kazi ghalani katika mji jirani wa Mesquite siku za juma, na Jumamosi alirudia uashi wake. Alikagua ua wangu, akatikisa kichwa.

"Papa, mulima iko wapi? Huku Texas yote iko sawasawa kama meza."

"Tutatengeneza."

"Mulima ni ya Mungu, Papa. Mimi niko fundi tu."

Bahati njema jirani alikuwa akichimba bwawa la kuogelea, akanipa udongo bure. Tukashindilia kilima cha futi nne. Juu yake Godefroid akasimamisha kasri la futi sita: minara miwili, lango, na tundu la kuchungulia adui.

Sita ni chini ya nane. Dhamiri yangu ikalala fofofo.

Kisha akaja Onyancha.

Huyu ni Mkisii wa mtaa wa pili, ulio chini ya chama chetu hicho hicho. Mwaka uliotangulia alijenga kibanda cha kuchomea nyama. Nilikipima, nikakuta kimezidi inchi moja. Akanisihi. Nikamwambia sheria haina shemeji. Alikibomoa mbele ya wageni wake.

Sasa mwenyekiti wa chama alimtuma yeye aje kunipima, kwa kuwa katibu hawezi kujipima mwenyewe. Tepu yake ilikuwa bado na karatasi ya bei.

"Mzee, unajua vile nimengojea hii siku? Bibi yangu hata amenipigia shati pasi."

"Fanya kazi uliyotumwa."

Godefroid akajifanya anaosha mwiko, ingawa mwiko ulikuwa safi.

Onyancha akapanda kilima, akaegesha tepu kwenye mguu wa mnara, akapima, akaandika.

"Futi sita. Iko sawa. Na kusema ukweli, Mzee, hii kitu ni kali. Weka sahihi hapa."

"Umepimia wapi?"

"Kwa ardhi. Kwani nimesimama kwa mawingu?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Haikuandika.

Kibanda chake kilisimama juu ya sakafu ya zege, unene wake inchi nne. Mimi niliihesabu sakafu ile. Ningepimia juu ya sakafu, kama yeye alivyopimia juu ya kilima changu, angebaki na inchi tatu za akiba.

"Onyancha, kwako nilipimia kwenye nyasi."

"Najua, Mzee. Si mimi ndiye nilikushikia tepu upande ile ingine?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia mambo ya shemeji."

Godefroid akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Nikaichukua tepu, nikaishusha hadi kwenye nyasi. Kilima nne, kasri sita. Nikaandika kumi, nikatia sahihi.

"Baba Avelina," Dorothea akasema polepole kutoka mlangoni, "miaka hamsini umeliota."

"Najua."

Kasri langu lilisimama siku kumi na tisa. Nililibomoa kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe, nikampa Godefroid mawe ayapakie kwenye pikapu yake. Hatukuyapeleka jalalani. Tuliyapeleka mtaa wa pili, tukamjengea Onyancha jiko la nyama lenye paa, futi saba na nusu kutoka kwenye nyasi. Gharama zote juu yangu.

"Mzee," Onyancha akanong'ona kazi ilipokaribia kwisha, "weka na yale meno huko juu."

Tukayaweka.

Enyi vijana msomao hapa, shikeni neno la mzee: kabla hujampimia mwenzako, mwonyeshe utakapoanzia, kisha uanzie hapo hapo siku zote, hata ufikapo mlangoni kwako.

Mbavu za kwanza zilipoiva, Onyancha alinikatia kipande cha kwanza, kabla ya mkewe na kabla ya mchungaji.

"Kula, Mzee," akasema. "Tumemalizana."