Kona ya Watoto wa Nguruwe

Namshukuru Mungu, aliyenitunza hadi uzee huu na kuniachia mengi mema ya kukumbuka.

Wakati wa Mjerumani, mimi na mume wangu tulitunza nguruwe katika shamba la mzungu mmoja, chini kidogo ya Nkoaranga. Nguruwe jike mmoja aliwalalia watoto wake wa kwanza wakafa wote. Mzungu akasema watoto wakifa wote tena, mama yao atachinjwa. Nami nilikuwa nimeshampenda yule mnyama.

Alipozaa tena, nilimtandikia majani makavu ya migomba, mengi sana, apate joto. Asubuhi nikakuta watoto wawili wamekufa. Walijichimbia ndani ya majani, mama yao akalala juu yao bila kuwaona.

Mama mkwe wangu, asiyependa nguruwe hata kidogo, akaja kuchungulia huku ameziba pua.

"Watoto wa mbuzi nyumbani unawalaza na ng'ombe?"

"Hapana, mama. Wana kizizi chao karibu na moto."

"Sasa hawa wamekukosea nini? Kunuka?"

Nilicheka kwa aibu. Siku ileile tulizungushia fito kona moja ya banda la nguruwe, tukaacha uwazi chini wa kupita watoto tu, tukaweka humo mawe yaliyopashwa moto. Kwa mama yao nikabakiza majani machache. Watoto wakawa wananyonya, kisha wanarudi konani kulala. Wanane waliobaki walikua wote, na mama yao hakuchinjwa.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki, akulindie watoto na mifugo yako.