Aliyekaa Kabla ya Nduta

Nduta wa viatu hasomi uso wa mtu. Anasema uso ni kama picha ya profile, kila mtu anaweka ile poa. Yeye husoma miguu. Miaka kumi na tisa ameuza mitumba hapa Kisian, kwa kona pale gari za Busia zinasimama, na miaka yote hiyo ameinama akijaribisha watu viatu. Ukimwambia "hii inanibana" na vidole vimetulia ndani, anajua umeipenda, unataka tu bei ishuke. Haishuki.

Hayo macho ndiyo alileta kwa kadi.

Huku kwetu ukisikia poker, usifikirie wale wazee wa sinema na sigara zao. Ni hii kadi yetu tu. Unafuata maua kwa maua, kopa kwa kopa, ama namba kwa namba, mbili, tatu na joker zinalisha mtu anayekufuata, yaani anaokota kadi badala ya kucheza, ukibakisha moja unasema "niko kadi," na wa kwanza kumaliza ndiye bingwa. Saa saba mchana, jua likishafukuza wateja, tunageuza kreti ya soda inakuwa meza. Wachezaji ni wanne, wale wale: Nduta, Byron wa spea za pikipiki, Mzee Oketch fundi wa nguo, na Nabwire wa kukaanga samaki, beste ya Nduta. Mimi nauza kava za simu hapo kando, kwa hivyo kazi yangu ni kuchanganya kadi na kucheka watu. Wa mwisho anaosha vikombe vya chai. Byron ameosha vikombe mpaka mikono yake imekuwa laini kuliko ya bibi harusi.

"Byron, hizo kadi zako ni takataka," Nduta anamwambia kabla hata hajacheza.

"Umejuaje?"

"Cheza tu, baba."

"Yawa! Huyu mama ako na CCTV!"

CCTV ilikuwa kisigino. Byron akiwa na kadi mbaya, kisigino chake cha kushoto kinatwanga chini kama cherehani. Mzee Oketch naye akishika kadi kali anavua kiatu kimoja, kama mtu amefika nyumbani. Juu ya hiyo, Nduta anahesabu. Kadi za kulisha ziko kumi: mbili nne, tatu nne, joker mbili. Kila moja ikishuka anaitoa kwa kichwa. Mimi hata password yangu sikumbuki.

Lakini kwa kadi, mtu wa kuogopa ni yule anakaa kabla yako, kwa sababu ndiye anakulisha. Miaka kumi na nne, kabla ya Nduta alikaa Nabwire. Na Nabwire hajawahi kumlisha. Akiwa na tatu anaificha, anaokota kadi nyingine, anaosha vikombe akiimba. Mchana anamletea sahani ya mkia wa mbuta, na sahani inarudi na githeri, ama ndizi, ama hata nyanya moja. Haijawahi kurudi tupu. Wangekuwa kwa Facebook, wangeandika "in a relationship."

Alafu wakakuja watu wa barabara na rangi nyekundu, wakapiga alama kwa vibanda. Barabara inapanuliwa. Kati ya nafasi nne za mbele, za hao wanne, ilibaki moja, ile ya kona. Wengine watatu waende nyuma, karibu na choo ya soko.

Mtu akasema tupige kura. Mzee Oketch akakataa.

"Kura inaweza kuibiwa. Kadi tunaiona wote."

Wakakubali. Game moja, Jumatano, bingwa anachukua kona. Hakuna marudio.

Kwa Nduta hiyo kona ndio ilikuwa kila kitu. Binti yake Wangechi yuko mwaka wa mwisho pale chuo cha Bondo, na kiatu haiuzwi nyuma ya choo. Abiria anashuka dakika tano, ananunua kile anaona.

Jumatatu, Nabwire alikaa naye wakipanga raba.

"Si uniambie, Byron unamsomaje?"

Nduta hajawahi kuambia mtu. Akamwambia. Kisigino, kushoto, kila kitu.

"Na ukishinda, utanipatia nafasi kidogo ya jiko hapo kando yako?"

"Nabwire! Viatu vikinuka mafuta ya samaki nani atanunua? Mbuta?"

Wakacheka wote wawili. Nduta alicheka zaidi.

Jumatano Byron alikuja amejipanga. Akakaa, akavuka miguu, kisigino kimoja juu ya kingine, akafunga kabisa kama mtoto wa kwaya. Nduta aliona. Haya mambo hayampiti. Lakini akapima vibaya: Byron alikuwa amevaa mokasini mpya, akafikiri jamaa anazikinga na vumbi.

"Leo umekaa kama pasta," akamwambia.

"Leo ni siku ya Bwana, mama."

Nikagawa. Watu walikuwa wamejaa, hata boda walikataa abiria. Nduta alicheza polepole, midomo ikihesabu. Joker mbili zikashuka. Mbili zote nne. Tatu moja, tatu ya pili, tatu ya tatu. Kadi za kulisha kumi, tisa zimeenda. Imebaki tatu ya maua peke yake.

Akabaki na kadi mbili. Akaweka moja.

"Niko kadi."

Watu wakapiga makofi. Byron, aliyekuwa anamfuata, akaweka yake.

"Na mimi niko kadi."

Nduta hakushtuka. Byron hawezi kumaliza kabla zamu irudi kwake, na zamu itapitia kwa Nduta kwanza. Mzee Oketch akaweka nne ya maua, viatu vyote miguuni. Kadi ya Nduta ilikuwa tisa ya maua. Nilikuwa nyuma yake, niliiona. Sasa ilikuwa Nabwire tu. Nne zingine zote zimeshashuka, kwa hivyo hata asipokuwa na maua ataokota, na maua itakuwa bado iko juu. Kitu kimoja tu duniani kingemzuia Nduta, ile tatu. Mzee hana. Ikiwa kwa staki, imelala. Ikiwa kwa Nabwire, basi iko salama kuliko benki.

Nduta alikuwa ameshainua mkono na tisa yake.

Nabwire akaweka tatu ya maua.

Nabwire alikuwa anaangalia kreti.

"Kula tatu," akasema kwa sauti kidogo.

Nduta akaokota moja. Mbili. Tatu. Byron akaweka tano ya maua, akaruka juu mokasini zikatoka. Watu wakapiga kelele, lakini Nduta hakumwangalia Byron. Aliangalia chini, miguu ya Nabwire. Ilikuwa ndani ya ile sandale ya ngozi Nduta alimpatia Krismasi, na vidole vyote vilikuwa vimekunjwa, vimeshika kabisa. Miaka kumi na nne Nduta hakuwahi kuangalia hiyo miguu, kwani Nabwire alikuwa upande wake.

"Ulimwambia kisigino," Nduta akasema.

Nabwire akainua kichwa. "Wewe uliniambia mbuta ndio itanunua viatu."

"Nabwire, nilikuwa nacheka."

"Mimi sikuwa."

Jumatatu iliyofuata Byron alikuwa amejenga kwa kona, mabati mapya yanang'aa. Nusu ni spea, nusu ni jiko la Nabwire, na mafuta yanachemka pale viatu vilikuwa vinakaa. Abiria walikuwa wanapiga laini. Sisi wengine tuko nyuma, hata mimi na kava zangu. Mzee Oketch anashona akiziba pua na kola. Nduta amepanga viatu, na mpaka saa saba amejaribisha mtu mmoja tu, aliyekuwa anatafuta choo.

Saa saba Nabwire akatuma sahani. Si mkia. Samaki mzima, na nyanya juu.

Nduta akakula. Nilidhani atairudisha, lakini alikula polepole, mpaka kichwa, akapanga mifupa kwa gazeti. Akaenda kwa bomba akaosha sahani, akaipangusa na ile kitambaa ya kung'arisha viatu. Githeri yake ilikuwa hapo imejaa kwa mkebe. Hakuifungua.

Akatembea mwenyewe mpaka mbele, akapita kati ya wateja, akaiweka kwa meza ya Nabwire. Safi kabisa, tupu.

"Asante kwa chakula," akasema.

Nabwire aliangalia hiyo sahani mpaka samaki kwa mafuta akaanza kuungua, na abiria wakaanza kuita, "Mama! Mama, samaki!"