Shamba la Baba Kwenye Televisheni

Mimi ndiye niliyetoa paswadi. Nalisema hili mapema kwa sababu nyumbani hakuna anayelijua ila mdogo wangu, na yeye amenifichia siri kwa huruma inayoniudhi kuliko matusi.

Baba alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala. Huyu ni mtu aliyelima viazi Kibirichia maisha yake yote, na sasa akawa wa kukalishwa dirishani akitazama vibarua wakimpandia mistari iliyopinda. Alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, na aki ya Mungu sikujua nielekeze macho wapi. Nilikuwa nikitoka Embu, ninakofanya kazi ya ofisi, nafika Ijumaa jioni, nampikia uji, nagombana na vibarua, narudi Jumapili nikiwa sijasaidia kitu.

Daktari alisema vidole vifanyishwe mazoezi. Alitupa mpira wa kubinya, baba akautupa nje. Ndipo mdogo wangu, anayetengeneza pampu za maji kwenye shamba moja la maua Timau, akaja na mashine yake ya zamani ya gemu, akaiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni na kumpa baba pedi ya kuchezea.

"Ni gemu ya kulima," akamwambia.

"Kulima nako ni gemu?" baba akauliza. Mama alicheka hadi akaketi.

Lakini baba alishika ile pedi. Wiki ya kwanza aligonga trekta kwenye mti siku nzima. Ya pili akalima kipande. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa na ekari za viazi zilizonyooka kama mistari ya daftari, ng'ombe wanne, na ua aliopanda mwenyewe upande wa mto, kwa sababu alisema shamba lisilo na mpaka ni kesi inayongoja siku. Vidole vikaanza kukunjuka. Mtu aliyeshika jembe miaka yote akawa anaendesha trekta kubwa kama zile za mashamba ya ngano Timau, na akiegesha anashusha pumzi. Jumapili hakuligusa. Hata viazi vikiwa vimekomaa, siku ya Bwana baba halimi, hata kwenye televisheni. Machozi yaliisha. Nilianza kulala usingizi.

Sasa nieleze hizi gemu zinavyokaa, maana ndipo balaa lilipo. Siku hizi hununui sidii. Unanunua kwenye intaneti, na gemu inakaa ndani ya akaunti yako. Mwenye akaunti anateua mashine moja iwe ndiyo kuu, na hapo yeyote wa nyumbani anacheza kila alichonacho. Mwenyewe akiwa kwingine anaingia kwa paswadi yake. Mdogo wangu aliteua mashine ya baba, naye akawa anaingia akiwa Timau akitoka kazini, mimi mara moja moja huku Embu. Baba hakufunguliwa akaunti yake. Alilima humo humo kwenye ya mwanawe. Jambo hilo lilimchekesha sana. "Watoto wote hungoja hati ya baba yao," alikuwa akiwaambia wageni, "mimi ndiye nimepewa shamba na mtoto."

Paswadi tulikuwa nayo wawili tu, mimi na mdogo wangu. Alikuwa ameniambia, "Siz, hii usipe mtu. Hata nani."

Nikampa mtu.

Ni mwenzangu wa ofisini. Baba alipolazwa, huyu mama alifanya kazi yangu na yake wiki mbili bila kunung'unika. Siku moja akaniambia mume wake amenunua mashine na hana gemu hata moja, na amesikia mimi ninazo nyingi. Ningemnyima kwa mdomo gani? Kwetu, mtu akipita shambani wakati wa kuchimba viazi hatoki mikono mitupu. Hata yule mliyeburutana naye kwa chifu anajaziwa mfuko. Nimelelewa hivyo. Kunyima kitu kilichojaa nyumbani ni uchoyo, na mchoyo kwetu anazungumzwa hadi kaburini. Nikamwandikia paswadi kwenye karatasi. "Ni ya kwenu tu," nikamwambia.

Naye amelelewa kama mimi. Mume akampa kaka yake, kaka akampa rafiki, rafiki akapeleka Kianjai kwa shemeji. Kila mmoja akiteua mashine yake iwe ndiyo kuu. Kampuni ya gemu ikaona akaunti moja inafunguliwa Embu, Meru na Kianjai kama mlango wa duka, ikadhani imeibwa. Ikaifunga.

Mama alinipigia Jumanne asubuhi nikiwa kazini. "Baba yako anasema shamba limekataa kufunguka. Anasema viazi vina siku mbili tu vioze."

Nikaona jambo dogo. Mdogo wangu naye akaniambia, "Wanataka tu tarehe ya kuzaliwa ya mwenye akaunti. Tunaruhusiwa kukosea mara mbili. Ya tatu wanafunga kabisa."

"Si uweke yako?"

Hapo akanieleza kwamba alifungua akaunti akiwa bado sekondari, na mtoto hakuruhusiwa, basi alijaza ya baba.

"Tarehe gani?"

"Siz, mimi sikumbuki. Niliweka ya baba."

Wueh! Ya baba ipi? Baba ana tarehe tatu. Kitambulisho kina yake, iliyokadiriwa na karani aliyemtazama meno. Kadi ya ubatizo ina nyingine. Kadi ya chama cha ushirika ina ya tatu, inayomfanya awe mdogo kuliko ndugu anayemfuata. Mwenyewe ukimwuliza anakwambia alizaliwa wakati wa kuchimba viazi, mvua ikinyesha, na hapo amemaliza. Wazee wengi wetu ni hivyo, na hatujawahi kuona kama ni shida.

Nikaweka ya kitambulisho. Ikakataa. Mdogo wangu akaweka ya ubatizo. Ikakataa. Akaniomba tungoje afike nyumbani Jumamosi, atulie, labda atakumbuka. Lakini mimi nina hasira za karibu, na mama alikuwa amepiga tena kusema baba amekataa chai. Nikaona imebaki ya ushirika tu, sasa tunangoja nini? Nikaiandika, nikabonyeza.

Hata hiyo haikuwa.

Nilikaa pale kwenye kiti cha ofisi nikitazama yale maandishi mekundu. Niliwaandikia watu wa kampuni. Nikaeleza kiharusi, mkono, viazi, kila kitu, kama mtu anayeandikia hospitali. Nikajibiwa papo hapo kwamba wanaelewa ninavyojisikia. Nikaandika tena, nikajibiwa vile vile, neno kwa neno. Nilitukana ile simu hadi mwenzangu, yule yule, akaja kuniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Hakuiba kitu. Nilimpa kwa mkono wangu.

Wiki hiyo baba alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Mama aliniambia pedi ilikuwa magotini, vidole vikisogea. Baba alimwuliza mara mbili kama mvua ilinyesha upande ule wa shamba lake.

Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani na gemu mpya. Nilikuwa nimeinunua, nimeifungulia akaunti mpya kwa jina langu na tarehe yangu ninayoijua. Mdogo wangu akashuka kutoka Timau. Tukapakua kwa bando za simu mbili hadi ikakamilika, mama akaleta chai, tukamwita baba kwa furaha ya kulazimisha. Televisheni ikafunguka. Ardhi tupu, magugu, katrekta kamoja kadogo.

Baba akatazama muda mrefu.

"Hili ni la nani?"

"Lako, baba," nikasema. "Unaanza upya. Tutalima pamoja."

"Langu lina viazi." Alisema polepole, kwa ule mdomo unaoteleza upande mmoja. "Lina ng'ombe wanne. Nimepanda ua upande wa mto. Hapa mimi sipajui. Siwezi kuingiza jembe kwa shamba la mtu."

"Lile lilifungwa, baba," mdogo wangu akasema.

"Na nani?"

Mdogo wangu akainamia kikombe chake. Mimi nilifungua mdomo, nikahisi neno liko pale pale, ni mimi, baba, ni mimi niliyetoa, na likakataa kutoka. Mtu mzima mimi, na kazi ya serikali, nimeshindwa na neno moja.

Baba akaiweka pedi mezani kwa mkono wa kulia, ule ule tuliokuwa tunaufufua. Hakulia. Alikuwa na sura niliyoijua tangu utotoni, ya siku za kesi za mpaka.

"Kuna mtu amenichukulia," akasema. "Jumatatu tutakwenda kwa chifu."

Kisha akanigeukia. Mimi nimeitwa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe yeye huniita mama.

"Utanisindikiza, mama. Ulimi wangu umekuwa mzito, na wewe umesoma. Utasimama useme ulichokiona. Wewe ndiye utakuwa shahidi wangu, kwa sababu huna uongo."

Nikamwambia sawa, baba. Jumatatu.